Lenzi Pana Huanza Miguuni

Kijana anayeanza kupiga picha za mandhari akinijia kuuliza anunue lenzi gani pana, mara nyingi jibu huwa ameshalibeba mwenyewe: anataka ile inayoingiza kila kitu. Amesimama Mama Ngina au ufuoni Nyali, hapa Mombasa, ameiona bahari kutoka upande huu hadi ule, akainua kamera, na kamera ikampa kipande tu. Anaamini milimita za lenzi, ambazo zikiwa chache lenzi huona pana zaidi, zikishuka zaidi, yote aliyoyaona yataingia. Mimi humuuliza kwanza anapenda kusimama wapi, na kuna nini mita moja mbele ya miguu yake. Miaka yote niliyopiga picha za pwani hii, hilo ndilo swali lililonichagulia lenzi, na bado sijapata lililo bora kuliko hilo.

Mombasa ni tambarare. Hatuna mlima wa kusimama nyuma ya picha na kuibeba. Tuna mchanga, maji na mbingu, mikanda mitatu iliyolala, na ukiipiga kwa lenzi pana sana bila kufikiri utapata mikanda mitatu iliyolala, na chombo kidogo sana katikati. Chukua mfano wa mtu aliyesimama upande wa English Point akiutazama Mji wa Kale na Fort Jesus ng'ambo ya mkono wa bahari. Kwa kamera yenye senza (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kubwa ya milimita 36 kwa 24, ile tunayoiita fulufremu, lenzi ya milimita 24 inapotazama kitu kilicho mita 500 mbele huingiza upana wa mita 750. Lenzi ya milimita 14 huingiza karibu mita 1,290. Ile ngome waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593, kuta nene za matumbawe zinazomfanya mtu ajihisi mdogo akipita chini yake, inakuwa kipande chembamba kati ya maji mengi na mbingu nyingi. Hapo kwa kweli lenzi inayofaa ni ya milimita 50 au 85, na wengi hawapendi kuambiwa hivyo kwa sababu wameshasoma kwamba mandhari ni lenzi pana.

Lenzi pana ina kazi yake, na kazi hiyo iko karibu. Uwiano wa vitu ndani ya picha, kipi kikubwa na kipi kidogo, hautoki kwenye lenzi. Unatoka kwenye umbali wako na vitu hivyo. Simama mita moja kutoka omo ya ngalawa iliyopandishwa mchangani, na nyuma yake kuwe na nyingine ya kimo kile kile iliyo mita 30 kutoka ulipo. Ile ya karibu itaonekana kubwa mara 30. Rudi nyuma mita tisa. Sasa moja iko mita 10, nyingine mita 39, na ya karibu ni kubwa mara nne tu hivi. Hukugusa lenzi, umesogeza miguu. Lenzi pana inachokupa ni ruhusa ya kusimama pale mita moja na bado ukaona ngalawa nzima, ufuo na mawingu. Kama hukusudii kusogea, ruhusa hiyo umeinunua bure.

Ndiyo maana nasema chagua kwa miguu. Mtu anayependa kuinama juu ya mwamba, akaweka kamera kimo cha goti, atafaidi milimita 16 au 18. Mtu anayependa kusimama wima barabarani na kutazama mbali atafurahia zaidi 28 au 35, na wala asione haya. Picha nyingi nzuri za mandhari nilizoziona zimepigwa kwa 35.

Nyuzi za upana ambao lenzi huona nazo zinafaa kujulikana. Ukipima kutoka pembe moja ya fremu hadi pembe inayoikabili, kwenye fulufremu lenzi ya milimita 50 huona nyuzi 47, ya 35 huona 63, ya 24 huona 84, ya 20 huona 94, ya 16 huona 107, na ya 14 huona 114. Angalia jinsi zinavyokimbia huku chini. Kutoka 16 kwenda 14 ni milimita mbili, lakini nyuzi saba zimeongezeka. Milimita mbili hizo hizo kutoka 52 kwenda 50 haziongezi hata nyuzi mbili. Kwa hiyo usiwasikilize wanaosema tofauti ya 14 na 16 ni ndogo. Ni kubwa, na kwa mandhari yetu ya tambarare mara nyingi inaharibu kuliko inavyojenga. Mimi hutumia 20 kuliko namba nyingine yoyote. Inaniruhusu kusogea karibu na bado inaacha minazi ya mbali ionekane ni minazi.

Kwa kamera za senza ndogo, zile za APS-C ambazo wengi wetu tunaanza nazo, zidisha kwa 1.5 kama ni Nikon au Sony, na 1.6 kama ni Canon, ili ulinganishe. Lenzi ya 18–55 inayokuja na kamera ni zumu, yaani milimita zake hubadilishwa kati ya namba hizo mbili; ikiwa kwenye 18 basi inaona kama 27 au 29. Hiyo tayari ni pana, na imetosha kwa picha nyingi kuliko inavyopewa sifa. Anayetaka zaidi ana Canon EF-S 10–18 na Nikon AF-P DX 10–20, zote nyepesi za plastiki, chini ya gramu 300, na kwa mandhari ya mchana kwenye f/8 (namba ya tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ikiwa kubwa tundu huwa dogo) hazina aibu yoyote. Kabla hujatoa pesa, fungua picha zako za mwaka uliopita kwenye kompyuta utazame namba za milimita zilizohifadhiwa ndani yake. Kama nyingi zimekwama kwenye 18 na unakumbuka ulikuwa unatamani kusogea karibu zaidi na kitu ukashindwa kukiingiza chote, unahitaji lenzi pana zaidi. Kama zimekwama kwenye 18 kwa sababu ulikuwa mbali na ukitaka kila kitu kiingie, lenzi mpya haitakusaidia.

Sasa hicho kilicho karibu, kwetu pwani, mara nyingi kinaamuliwa na maji.

Sehemu kubwa ya ufuo wa Nyali hadi Bamburi ina mwamba na matumbawe yanayojitokeza maji yakipwa, na maji yakijaa huoni kitu ila mchanga na povu. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, tofauti ya maji makubwa na madogo hapa Mombasa hufika mita tatu na zaidi. Nilipokuwa najifunza, nilidhani bamvua ndilo jambo la kusubiri kwa sababu ndipo mwamba unapotoka mbali. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mvuvi niliyemkuta akitengeneza dema lake chini ya mkwaju.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo waja na hicho chombo chako, wangoja nini?"

"Nangoja maji yakauke mzee, nipate mwamba na jua likichomoza."

"Basi utangoja sana. Bamvua la kwetu hukauka saa nne, jua lishapanda. Ukitaka mwamba alfajiri, njoo mwezi haujajaa, siku tatu nne kabla. Maji hayatoki mbali sana, lakini hutoka na jua."

Nililinganisha maneno yake na jedwali la kujaa na kupwa, na yakakaa sawasawa. Kwenye bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne. Jua linapochomoza, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, maji ya bamvua bado yako nusu njia yakishuka. Tangu siku hiyo kalenda yangu ya picha ni ya mwezi, na lenzi ninayoibeba inafuata kalenda hiyo. Siku za mwamba kutoka na alfajiri nabeba 16–35, kwa sababu kutakuwa na vidimbwi, mwani na mistari ya mwamba ya kusogelea. Siku za maji kujaa asubuhi naiacha nyumbani na kuchukua lenzi ndefu, nikafanye kazi na mawimbi na vyombo vya mbali. Ushauri huu sikuuona katika vitabu vya kamera, na sishangai. Vingi vimeandikwa na watu wa milima na maziwa.

Jua la huku nalo lina haraka. Tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima. Ile nuru laini ya dhahabu ambayo nchi za kaskazini hudumu nayo saa nzima, hapa ni dakika chache tu kabla halijaanza kuchoma. Huna muda wa kubadilisha lenzi. Tena pepo: ukifungua kamera ufuoni wakati kaskazi inavuma, unaukaribisha mchanga na chumvi juu ya senza. Kwa sababu hizo mbili, kwa kazi ya ufuoni naipendelea zumu kuliko lenzi ya namba moja, hata kama ile ya namba moja ni kali zaidi kidogo. Ndani ya Mji wa Kale, ambako nina kivuli na muda, nabeba 20 peke yake.

Na katika zumu, f/4 inatosha. Wauzaji wanapenda kukuonyesha f/2.8, na ni lenzi nzuri, lakini mandhari hupigwa f/8 au f/11 kamera ikiwa juu ya tripodi, na hapo ile f/2.8 uliyoilipia na unayoibeba juani haifanyi kazi yoyote. Isipokuwa kama unataka nyota. Mwenye kutaka kupiga Njia ya Maziwa katika miezi ya kati ya mwaka, akasafiri kusini mbali na taa za mji, huyo anahitaji f/2.8 au chini yake. Kanuni ya kale ni kugawa 500 kwa milimita za lenzi: kwa 14 unapata kama sekunde 35 kabla nyota hazijaanza kuvuta mkia. Kwa kamera za siku hizi zenye pikseli nyingi, punguza zaidi.

Ukali wa picha kutoka karibu hadi mbali ndio unaowapa watu taabu, na lenzi pana hapa ni rafiki. Kuna umbali ambao ukifokasi hapo, kila kitu kuanzia nusu yake hadi upeo wa bahari kinakuwa kikali vya kutosha. Kwa fulufremu, lenzi ya milimita 16 kwenye f/8, umbali huo ni kama mita 1.1. Maana yake ukifokasi mita moja na kidogo, kuanzia sentimita 55 hivi hadi meli iliyo mbali vyote vimo. Kwa milimita 24 kwenye f/8 umbali huo ni mita 2.4, na ukali unaanza mita 1.2. Ikiwa picha utaichapisha kubwa, funga hadi f/11 na fokasi mbele zaidi kidogo ya hapo. Usikimbilie f/22 ukidhani unaongeza ukali. Tundu likiwa dogo hivyo mwanga huparaganyika ukipita na picha nzima hulainika.

Bahari ina rula yake, nayo ni ule mstari wa upeo. Lenzi pana nyingi hupinda mistari, na kwenye milima kupinda huko hakuna anayekuona. Kwetu kila mtu anaona. Ukiuweka upeo karibu na ukingo wa juu wa fremu kwa lenzi yenye kupinda kama tumbo la pipa, bahari itavimba. Ukiuweka katikati, unanyooka. Programu za kompyuta zinarekebisha, lakini baadhi ya lenzi za bei nafuu za milimita 14 zina kupinda kwa mawimbi, katikati hivi na pembeni vile, na hilo ni gumu kunyoosha bila faili maalumu la lenzi hiyo. Kwa mtu wa pwani hiki ni kipimo cha kwanza kabla ya ukali: piga upeo wa bahari juu, katikati na chini ya fremu, kisha utazame.

Minazi nayo husema. Ukiiinamisha kamera kidogo ili uingize mwamba wa chini, minazi ya kushoto na kulia itapanuka nje kwa juu. Ukiiinua, italaliana ndani. Kadiri lenzi ilivyo pana ndivyo inavyozidi. Dawa yangu ni kuishika kamera sawa kabisa, kwa kutumia ile alama ya usawa iliyomo ndani yake, na kuisimamisha fremu wima. Fremu ya wima huingiza mwamba wa miguuni bila kuinamisha chochote. Vichochoro vya Mji wa Kale, kuta ndefu pande zote na roshani za mbao juu, vinataka nidhamu hiyo hiyo. Kamera ikiinama kidogo tu nyumba zinaanguka. Na mtu asisimame pembeni mwa fremu ya lenzi pana, kwa sababu pembe huvuta. Mvuvi aliyekukubalia umpige picha anastahili kichwa chake kibaki na umbo lake, mweke katikati.

Mama Ngina mibuyu imesimama juu ya genge, na mkondo wa kuingilia Kilindini uko chini yake. Hapo 20 inang'aa. Sogea hatua mbili tatu kutoka shina, kimo cha kifua, na ile ngozi ya mbuyu yenye makunyanzi itajaza upande mmoja wa fremu huku matawi yakifungua njia kuelekea majini. Lakini meli ikipita, weka 20 chini. Meli ya makontena ambayo kwa macho yako imeziba mkondo mzima, kwa lenzi pana itakuwa mashua. Nimewaona wengi pale wakiipiga kwa upana wote walio nao, kisha wakaitazama skrini na uso ukawashuka.

Unapotaka upana kweli kweli, ule wa kutoka Nyali hadi genge la Mama Ngina kwa picha moja, njia iliyonipa matokeo mazuri ni kuunganisha picha. Lenzi ya 35 au 50, kamera wima juu ya tripodi, picha tano au sita zinazopandana kwa theluthi, mwanga na fokasi zikiwa zimefungwa zisibadilike. Kompyuta inaunganisha, na vitu vya mbali vinabaki na ukubwa wake. Mawimbi yanaleta kazi kwenye maungio, kwa hiyo chagua asubuhi ya maji kutulia.

Filta zinabadilisha uamuzi wa lenzi kuliko watu wanavyodhani. Polaraiza huondoa mng'ao juu ya vidimbwi ukaona matumbawe chini, na kwa hilo hakuna programu inayoweza kuchukua nafasi yake. Lakini mbingu hukolea zaidi pale palipo nyuzi 90 kutoka jua, na lenzi inayoona nyuzi 100 itakupa doa la buluu nzito katikati na weupe pembeni. Ukiwa chini ya 20, izungushe nusu tu, au iache mbingu nje ya fremu. Zile lenzi zenye kioo cha mbele kilichovimba, kama Nikon AF-S 14–24 ya mwaka 2007, hazipokei filta ya kufungwa kwa kuzungusha mbele ya lenzi kabisa. Zinataka vishikizo vikubwa vya bei ghali. Kwangu hilo peke yake linatosha kuzikataa kwa ufuo, kwa sababu kioo kilichovimba ndicho cha kwanza kupokea rasharasha za chumvi, na huwezi kukikinga. Chumvi ikishakauka juu ya kioo usiifute kwa kitambaa kikavu, itakwaruza. Lowesha kidogo kwanza, iyeyuke, ndipo ufute.

Unyevu wa hapa unaua lenzi polepole zaidi ya chumvi. Kuvu huota ndani, kati ya vioo, hasa lenzi ikikaa kabatini katika mfuko wa ngozi. Yangu hukaa kwenye sanduku la plastiki lisilopitisha hewa, na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, pamoja na kipima unyevu kidogo ninachotaka kisome kati ya asilimia 40 na 50. Chembe zikibadilika rangi nazikausha ovenini na kuzirudisha. Na lenzi inayotumiwa kila wiki, ikapata jua na hewa, ni nadra kuota kuvu.

Kwa kuwa wengi wetu tunanunua zilizotumika, nenda na tochi. Fungua tundu la lenzi lote, mulika kutoka nyuma na utazame kwa mbele, kisha geuza. Nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui ni kuvu. Vumbi kidogo halina neno. Zungusha zumu usikilize kama kuna mchanga unaosaga ndani. Kisha muombe mwenyewe utoke naye nje, piga ukuta wa matofali ukiwa umeukabili sawasawa, tundu likiwa wazi kabisa, na uvute picha kwenye skrini uzilinganishe pembe nne. Lenzi pana pembe zake hulainika kidogo, hilo ni la kawaida, lakini zilainike zote sawa. Pembe moja ikiwa na ukungu na tatu ziko safi, kuna kioo kilichohama ndani, pengine iliwahi kuanguka, na kuirudisha mahali pake ni gharama inayokaribia bei ya lenzi yenyewe. Mwisho ielekeze upande wa jua, jua likiwa ukingoni mwa fremu, uone mng'ao unasambaa kiasi gani, maana sisi watu wa mashariki tunapiga alfajiri tukilikabili jua na lenzi isiyostahimili hilo haitakufaa Nyali hata iwe kali namna gani.